Sauti ya Shija

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda basi kutoka Shinyanga kwenda Buseresere kumwomba mama aliyefiwa ruhusa ya jambo ambalo hata kulitamka kulinitia haya. Nilikuwa kijana bado, mwandishi na mtayarishaji wa kipindi cha katuni cha watoto kwenye televisheni, na kazi hiyo niliipenda kama unavyoipenda wewe leo.

Katika katuni ile alikuwamo Babu Kakakuona, mzee mcheshi anayechimba mashimo na kukohoa kabla hajasema neno. Watoto walikipenda kikohozi kile. Hawakujua kuwa ni cha kweli. Shija, rafiki yangu aliyempa Babu sauti, alichimba dhahabu Geita tangu ujana, na vumbi la mashimoni lilishamharibu mapafu. Wakati wa kurekodi alikuwa akicheka, ananiambia, "Dada, andika maneno mafupi. Pumzi yangu haifiki mwisho wa mstari." Nikayafupisha. Kisha akafariki, na sehemu za mwisho hatujazirekodi.

Mkuu wa vipindi kituoni alinipa pole, halafu akasema atafutwe mtu wa kuigiza sauti yake. "Watoto hawatagundua," alisema. Suala la kumtangaza Babu kuwa amekufa alilikataa katakata; katuni, kwake, ni ya kufurahisha.

Mama Shija alinipokea vizuri. Nikamwamkia, tukalia kidogo. Nilipomweleza kilichonileta, aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo.

"Ng'wanone," alisema, akiniita mwanawe kwa Kisukuma, "huyo mtu mtamfundisha na kukohoa?"

Akauweka ungo chini, akaendelea:

"Watoto wa hapa wanakijua kifo. Baba zao wanafukiwa mashimoni. Wakiuliza, wanaambiwa baba kasafiri. Na nyie mtawaambia hivyo hivyo? Mwanangu amekufa. Semeni amekufa."

Nikarudi, nikaandika sehemu ambayo wanyama wanamkosa Babu asubuhi, wanamzika, kisha wanakaa pamoja bila kujua waseme nini. Wachoraji waliichora huku wanafuta machozi. Kituo kikaikataa, na kipindi kikafutwa. Wenzangu wakatawanyika. Mimi nikaishia kushona nguo sokoni Shinyanga, na kipindi changu mwenyewe sijapata tena mpaka leo.

Sehemu ile ilionyeshwa mara moja tu, nilipoipeleka mwenyewe kwenye kanda sebuleni kwa Mama Shija, kwenye televisheni yake ndogo, watoto wa jirani wamejaa sakafuni. Ilipokwisha, binti mmoja aliyempoteza baba yake machimboni aliuliza, "Kwa hiyo harudi?"

Mama Shija akampakata. "Harudi, mjukuu wangu."

Wakalia wote wawili. Mimi nikatoka nje, maana sikuweza kutazama.

Sikudanganyi, mwanangu, kwamba nimepona. Nikisikia muziki wa katuni kwa jirani, mpaka leo moyo unaniuma. Lakini unapowaandikia watoto, usiwafiche yale yanayowaliza nyumbani. Wao wanayaona, na wanahitaji mtu mzima wa kuyasema pamoja nao. Na mwenzako akifariki, usimfanye kama hakuwahi kuwepo ili kazi yako iendelee. Huenda ukaikosa kazi hiyo. Ikose.

Mungu akujalie miaka mingi kazini kuliko niliyopata mimi, akulindie wenzako afya zao, na siku ya kuchagua ikikufikia, usiwe peke yako.