Tairi la Mbele

Asubuhi ile nilitoka Sombetini na baiskeli bila kujua ninakokwenda. Nilipanda vijia vya Mlima Meru katikati ya migomba na kahawa, hadi jioni, kijia kimoja kikaniingiza uani kwa mama mmoja.

“Shikamoo, mama. Naomba pa kulala.”

“Marahaba. Nani kakutuma kupima shamba letu?”

“Hakuna aliyenituma. Naendesha tu.”

“Mtu mzima, unaendesha tu?”

Alinionyesha chumba kando ya banda la mbuzi, kisha akataka tairi la mbele alale nalo, nisije nikaondoka alfajiri na mbuzi wake. Nikashuku kwamba anaitaka baiskeli, mali yangu pekee. Giza lilikuwa linaingia. Nikalifungua tairi, nikampa, nami nikalala nimeikumbatia fremu.