Zamu ya Kusema kwa Nusu Mandazi

Ukuta uliotenganisha darasa langu na ofisi ya mwalimu mkuu ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana. Mwanafunzi akipiga chafya upande wangu, yeye upande wake angeweza kumwambia pole. Ndiyo maana, mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kifaransa katika shule moja ya upili karibu na soko la Misikhu, aliniita ofisini na hakunikaribisha kiti.

"Madam, mimi nilikubali Kifaransa. Sikukubali harusi. Muhula uishe na kelele ikiwa hivi, hao watoto wataenda kwa kilimo."

Mfumo wa elimu wa nane-nne-nne ulikuwa bado mgeni. Kilimo kilikuwa na jembe, shamba na heshima ya wazazi. Kifaransa kilikuwa na mimi, wanafunzi hamsini na wawili, na vitabu kumi na kimoja. Vitabu nilivihesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Nilikuwa nimesikia habari za mwalimu mmoja wa Kitale, mama wa makamo aliyefundisha somo hilohilo, darasa limejaa kama langu, na ati hapazi sauti. Sikuamini. Mimi nimekulia sokoni. Kitu kikisifiwa sana, huwa natafuta nyanya iliyooza chini ya fungu. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikaenda kuitafuta.

Sikuipata. Ukutani alikuwa ametundika shuka kuukuu alilolishonea mifuko, na mifuko hiyo ilikuwa ya mashati ya shule yaliyochakaa, vifungo vikiwa bado vimo. Kila mfuko ulikuwa na nambari ya mwanafunzi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi zake za maneno, zilizokatwa kutoka katoni ile ngumu ambayo Kalasinga wa duka la vitambaa huzungushia vitambaa vyake na kuitupa vikiisha. Aliyetaka kwenda msalani hakuomba. Alichukua mwiko wa ugali ulioning'inia mlangoni, mrefu kama mkono wangu, akavuka nao uwanja mbele ya shule nzima.

"Unaona wanatoka wengi?" aliniuliza yule mama. Hakuwa ametoka hata mmoja.

Lakini kilichonimaliza ni waya. Waya wa kuanikia nguo, kutoka dirishani hadi mlangoni, na juu yake vibanio vya nguo, kila kibanio na nambari yake. Somo likianza, vyote viko upande wa dirisha. Ukisema sentensi yako ya Kifaransa, kibanio chako kinasukumwa upande wa mlango, na husemi tena mpaka vya wenzako wote vivuke. Wenye mdomo mrefu waliishiwa mapema. Wanyamavu hawakuwa na pa kujificha, kwa sababu kibanio kilichobaki peke yake dirishani kinaonekana kama jino moja kwa mzee anayecheka.

Siku hiyo kibanio cha mwisho kilikuwa cha msichana wa kutoka Saboti aliyekuwa na kigugumizi. Alisimama. Darasa zima likangoja. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemnong'onezea jibu. Nilisikia kuku wakiparura nje. Kisha sentensi ikatoka nzima, kibanio kikavuka.

"Mama, hii umefundishwa wapi?"

"Kwa kamba ya nguo za watoto wangu, mdogo wangu. Nguo ambayo haijaanikwa nilikuwa naiona. Kwa nini nisimwone mtoto ambaye hajaongea?"

Vibanio nilivinunua Kitale jioni ileile. Muuzaji alidhani nafungua kazi ya udobi. Nilimshusha bei mpaka akaniuliza kama nataka na shamba la baba yake bure.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda sawa. Mwiko ulifanya kazi yake, shuka langu la mifuko likajaa kadi, na upande wa pili wa ukuta mwalimu mkuu alianza kusikika akikohoa kama mtu aliyepumzika. Nilikuwa nikiandika ubaoni, kiranja akisukuma vibanio. Halafu siku moja nikahisi mizani haikai sawa. Nikageuka nikahesabu vibanio: vyote vimevuka. Nikafumba macho nikahesabu sauti nilizokuwa nimesikia: sita tu.

Nikamwita kiranja pembeni.

"Madam, si wameuziana."

"Wameuziana nini?"

"Zamu, madam. Zamu ni nusu mandazi. Mwenye kununua anasema, kibanio cha mwenye kuuza kinavuka. Ijumaa inapanda."

"Inapanda kwa nini?"

"Ijumaa wengi wanataka kusikika, bana. Samahani, madam."

Mama wa Kitale hakuwa na tatizo hili. Lakini wanafunzi wake hawakuwa watoto wa wachuuzi wa Misikhu, waliojifunza kupatana bei kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Na muuzaji mkubwa alikuwa msichana mdogo wa kando ya dirisha. Mama yake aliuza ndizi sokoni. Yeye mwenyewe darasani hakuwa ametamka neno tangu muhula uanze. Zamu yake ilikuwa mandazi nzima, na hakupunguza.

"Kwa nini yako ni ghali kuliko ya wenzako?" nikamuuliza.

Akatazama sakafu. "Yangu ni mpya, madam. Haijawahi kutumika."

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilimtazama kama mtu anavyotazama Mlima Elgon siku mawingu yameondoka. Kumbe huyo mtoto alikuwa na akili yote hii, na mimi sikuwahi kuisikia hata sauti yake. Nikaandika sheria moja ubaoni: kuuziana ruhusa, lakini kwa Kifaransa. Ukiteleza ukatumia Kiswahili au Kibukusu, biashara imevunjika na mandazi inabaki kwa mwenyewe.

Sasa walihitaji maneno. Ghali. Punguza. Ongeza. Unanitania. Jana ulisema vingine. Kadi zikaisha, nikarudi Kitale kwa yule Kalasinga wa vitambaa kuomba katoni, akanipa rundo zima akitikisa kilemba. Kelele ikarudi, tena kubwa kuliko ya kwanza. Lakini ungekuja ukasikiliza ni kelele gani! Watoto wa Bokoli na Misikhu wakikatana kauli kwa lugha ambayo wazazi wao hawajawahi kuisikia hata redioni, wakidharau bei, wakijifanya wanaondoka, wakiitwa warudi. Mimi mwenye shahada ya somo hilo sikuwahi kupatana bei kwa Kifaransa. Nilisimama kando ya ubao na chaki mkononi, nikasahau nilitaka kuandika nini.

Wiki ya mwisho ya muhula mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu. Darasa likazimika.

"Madam, tuliongea mimi na wewe. Kilimo wanawangojea."

Kelele ilikuwepo, na alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Ndipo yule msichana wa dirishani akainuka, akang'oa kibanio chake kwenye waya, akaenda mpaka mbele ya mwalimu mkuu, akamnyooshea na kusema kitu kwa Kifaransa, polepole, kila neno mahali pake. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile aliyonijibu nayo akitazama sakafu.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema hapa ndani hakuna anayeongea bila zamu, mwalimu. Anakuuzia yake. Anauliza utatoa nini."

Darasa likaguna. Sasa, mwalimu mkuu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe siku za soko, na kila mtu upande ule alijua hajawahi kulipa bei ya kwanza. Nikamwona akijizuia. Akashindwa.

"Mwambie natoa mandazi."

Msichana akatikisa kichwa kabla sijatafsiri.

"Basi anataka nini?"

Nikamuuliza. Akajibu. "Anataka Kifaransa kibaki."

"Hiyo ni ghali sana!"

"Trop cher," darasa zima likamsaidia kwa pamoja, na hapo akacheka, akajaribu kuficha kicheko kwa leso.

"Haya. Kibaki. Lakini si kando ya ofisi yangu. Nyuma ya jikoni kuna ghala la mahindi, liko tupu. Huko pigeni kelele mpaka Webuye wasikie."

Mimi ningekubali mara moja, nikashukuru na kukimbia. Msichana hakukubali. Alitazama nje kidogo, juu ya bega la mwalimu mkuu, vile mama yake alivyowatazama wateja waliodhani wamemaliza. Kisha akaongeza sentensi fupi.

"Nini tena?"

"Anasema ghala halina madirisha."

"Moja," akasema mwalimu mkuu.

Msichana akainua vidole viwili. Akamkagua usoni, kisha akaongeza cha tatu.