Kengele Isiyozibika

Mtu aliyetaka gorfa isiyovuja, katika mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, alielekezwa kwa Abiba Godana. Gorfa ni chombo cha maziwa ambacho wanawake wa Kiborana hukisuka kwa nyuzi za mizizi, kisha hukifukiza moshi hadi kinukie. Wapo waliosuka kwa haraka ili wauze vingi. Abiba hakuwa miongoni mwao. Alipomaliza kusuka alikijaza chombo maji, akakitundika juu ya jivu la jikoni na kwenda zake sokoni. Akirudi akakuta jivu lina alama ya tone moja tu, alikifumua chote akaanza upya.

"Lakini mama, ni tone tu hilo," walimwambia wateja.

"Kinachovuja kidogo kinavuja," aliwajibu, na mkono haukuacha kufumua.

Mumewe, Tache, alikuwa amefariki na kumwachia ngamia. Ngamia hao walikaa mikononi mwa Huka, mdogo wake Abiba mwenyewe, aliyewachunga ng'ambo ya Gotu, na maziwa yao yalikuja mjini juu ya lori. Hao ndio waliomwezesha kulipia nyumba yake na kuishi mjini bila kumpigia mtu magoti. Wangepotea, Abiba angekuwa mjane wa kusaidiwa. Na kwa kuwa Huka hakuwa mtu wa kuwakimbia ngamia wake, kuwapoteza kungekuwa pia kumpoteza ndugu.

Kwa sababu hiyo alishika desturi ya watu wa mifugo kwa uangalifu uleule aliosukia vyombo vyake. Jirani akimwuliza ngamia wako wapi, alijibu, "Wako malishoni." Akiulizwa ni wangapi, alijibu, "Wamebarikiwa." Haukuwa ukaidi, wala hakuna aliyeudhika. Kila mmoja alijua kwamba ngamia asiyejulikana alipo ndiye ngamia aliye hai.

Kiongozi wa kundi alikuwa Dimtu, ngamia jike mwekundu mwenye kengele ya mbao shingoni. Sauti ya kengele ile ilikuwa nzito na ya upole, na Huka aliitambua hata ikiwa nyuma ya kilima. Lakini uliposikika uvumi wa wezi wa mifugo, Huka alikata nyasi kavu, akazishindilia ndani ya kengele mpaka ulimi wake usitikisike. Hapo kundi lilipita porini kama kivuli cha wingu. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, na njia hiyo haikuwa imewahi kuwaangusha.

Mwaka uliofuata ule ukame mkubwa wa themanini na nne, watafiti walifungua ofisi ya mradi wao katika mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo. Walitaka kujua ngamia hutembea umbali gani kutafuta majani na maji. Aliyetumwa kuzungumza na wenye mifugo alikuwa Elmi Shire, mtu wa mjini hapo hapo, mjukuu wa askari mmoja Msomali wa zama za wakoloni. Alikuwa amesoma chuoni, lakini hakuwa amesahau adabu. Alimkuta Abiba huko Gotu siku alipokwenda kuwaona ngamia wake, akamwonyesha mkanda mnene wenye kisanduku kidogo kilichofungwa imara.

"Salaam aleikum, Mama Abiba. Mkanda huu tunaufunga kwa Dimtu. Hauli, haunywi. Una betri tu ndani. Kazi yake ni kusema, 'Niko hapa, niko hapa,' na sisi tunausikia kwa redio yetu."

Abiba alikitegea sikio kisanduku. "Mbona sisikii kitu?"

"Sikio la mtu haliwezi. Ni redio peke yake."

"Na wewe ukilala, unanyamaza?"

"Hapana, mama. Unaendelea kusema."

Huka aliangua kicheko. "Basi ni mchungaji mwenzangu Roba huyo! Ukilala, ukiamka, bado yuko katika hadithi ya safari yake ya Garba Tula!"

Hata Abiba alicheka. Na kwa kuwa mradi uliahidi sindano za ugonjwa wa ndorobo, uliokuwa umeua ngamia wengi, alikubali. Mkanda ulifungwa mbele ya wazee, nao wakasema kuwa ni amana: hautakatwa wala hautatupwa mpaka wenyewe wauombe.

Mwanzoni ulileta heri. Dimtu alijitenga akazaa ndani ya kichaka mbali na kundi, na Huka akamtafuta asubuhi nzima bila mafanikio. Elmi alifika na Landrova yake, akainua antena, akaizungusha huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja hadi kichakani. Alimkuta mama na ndama, na nyayo mbichi za fisi zimewazunguka. Tangu siku hiyo Huka hakuruhusu mtu auseme vibaya mkanda ule.

Abiba naye aliridhika, mpaka siku aliyokwenda Kiwanjani kuulizia sindano. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Ukutani alikuta ramani kubwa iliyochomwa pini nyekundu. Abiba hakujua kusoma maandishi, lakini mito aliitambua, na vilima pia. Alizifuata pini kwa kidole kutoka Gotu, zikapita bonde baada ya bonde, hata zikasongamana mahali pamoja kama nzi juu ya kidonda. Pale palikuwa na kisima cha ukoo wao. Mkwe hakuonyeshwa kisima hicho mpaka azae na ukoo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja jina lake akiwa mjini.

Elmi aliporudi alimkuta bado amesimama.

"Nani anaona kitu hiki?" Abiba aliuliza.

"Ni sisi wa mradi tu, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Mimi si wa mradi. Nimeingia, nimeona. Mlango ulikuwa wazi."

Elmi alitabasamu kwa haya, akaenda kuufunga mlango.

Mvua zilipochelewa tena, uvumi wa wezi wa mifugo ulianza. Makundi mawili yalichukuliwa upande wa mashariki, na mchungaji mmoja hakurudi. Abiba alipanda lori hadi Gotu, akatembea na mwongozaji mpaka alipokuwa ndugu yake. Alimkuta anashindilia nyasi ndani ya kengele.

"Na ule mkanda?" aliuliza. "Ukate."

"Dada, ni amana. Tulisema mbele ya wazee."

Abiba hakuwa mtu wa kuvunja amana, wala hakuwa mtu wa kuacha kitu kinachovuja. Basi alikaa chini, akatoa sindano yake na ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta. Alikizungushia kisanduku kile ngozi tabaka juu ya tabaka, akajaza nyuzi kati ya tabaka na tabaka, kisha akashona kwa mshono wa gorfa, ule wa kitako, ambao hata maji hayaupiti. Alipomaliza alibonyeza kila pembe kwa dole gumba.

"Maziwa hayawezi kutoka hapa," alisema. "Sembuse neno."

Huka aliusifu mshono ule. Wote wawili walijisikia wepesi, kama watu waliofunga lango la boma. Walikuwa wamefanya lile ambalo wazazi wao wangelifanya.

Wiki ile ile Abiba alirudi mjini, akapita Kiwanjani. Safari hii Elmi alikuwepo, ameinamisha kichwa mezani. Nyuma yake palikuwa na rafu ambayo siku zote ilikaliwa na redio mbili. Sasa ilikuwepo moja. Mahali pa ile nyingine palionekana safi, na vumbi limepazunguka pande zote nne.

"Imekwenda kutengenezwa?" Abiba aliuliza.

"Imeibwa, mama. Pamoja na antena yake. Mkubwa wangu hajui bado."

"Aliyeichukua anaweza kumsikia Dimtu?"

"Akijua namba ya mkanda."

"Namba iko wapi?"

Elmi aliinua macho kuelekea ukutani. Pembeni mwa pini nyekundu, kwa herufi kubwa ambazo mtu angezisoma akiwa mlangoni, namba ilikuwa imeandikwa.

Lakini Abiba hakutishika. Alikaa kitini, akamweleza Elmi kwa utaratibu jinsi alivyokishona kisanduku, tabaka ngapi, na uzi wa aina gani. "Kwa hiyo waache na redio yao," alimaliza. "Watasikia upepo tu."

Elmi alimtazama kwa huruma ambayo Abiba hakuipenda. Akachukua funguo za gari. "Mama, twende Gotu. Twende sasa hivi."

Walipofika juu ya kilima kinacholitazama bonde, Elmi alisimamisha gari, akainua antena na kuwasha redio. Kwanza pakawa na mkwaruzo. Kisha ikaja sauti, kavu, safi, yenye mwendo sawa: tik, tik, tik.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiye Dimtu, mama."

"Na ngozi yangu?"

"Ngozi haizuii. Ukuta pia hauzuii. Nilipaswa kukueleza siku ile ya kwanza."

Abiba aliisikiliza sauti ile. Kwa miaka mingi alikuwa amelala usingizi kwa kujua kwamba jambo likifungwa vizuri hufungika. Sasa, juu ya kilima kile, alifahamu kwamba Dimtu alikuwa akiita mchana na usiku, mbele ya mtu yeyote aliyetaka kusikia, na kwamba kwa wiki ile nzima Huka alikuwa akitembea kandokando yake kwa tahadhari, kengele imejaa nyasi, akidhani yuko kimya.

Waliifuata sauti hadi kwa Huka. Hakuelewa kwa nini dada yake hakumsalimu. Abiba alichomoa kisu kiunoni mwa ndugu yake, akapiga hatua kumwendea Dimtu.

"Dada, amana!" Huka alimshika mkono.

"Amana inayomwita mwizi si amana. Niachie."

Huka alimtazama Elmi. Elmi alitikisa kichwa kukubali, ingawa mkanda ule ulikuwa mali ya watu waliomwajiri. Basi Abiba akakata, kwanza mshono wake mwenyewe, uliomkatalia kisu kwa ugumu, kisha mkanda. Waliuacha ukiendelea kuita juu ya mgunga kando ya mto mkavu. Elmi akarudi na gari. Abiba na Huka wakawaondoa ngamia upande wa pili, juu ya mawe, ambako nyayo hazikai.

Siku ya pili Huka alirudi kuchungulia. Alikuta nyayo za watu wengi, na hilo silo lililomtisha. Mwizi wa mifugo hutafuta: huzunguka, husimama, huchunguza kinyesi, hurudi nyuma. Nyayo hizi hazikuzunguka popote. Zilitoka mbali zikaja moja kwa moja hadi chini ya mgunga, kama mtu anavyokwenda chooni kwake. Mkanda haukuwepo.

"Tungekuwa tumelala pale," Huka alimwambia dada yake.

Walikubaliana mambo mawili. Huka angewapeleka ngamia kaskazini kwa jamaa wa mbali, na kisima cha ukoo hakingeguswa tena maadamu pini zile zilikuwa zimechomwa mahali fulani duniani. La pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kisima kilichochimbwa na babu wa babu yao kiliachwa kijae mchanga.

Abiba alirudi Isiolo. Alimpitia Elmi ofisini kumshukuru, akamkuta amesimama uani na redio iliyobaki, uso umesawijika.

"Nilitaka kuijaribu betri tu," alisema. "Sikiliza, mama."

Tik, tik, tik.

"Ngamia wangu wako mbali."

"Si ngamia. Ni mkanda. Walioukuta wameuchukua, na hawajui kuuzima. Redio hii haiwezi kusikia Gotu kutoka hapa. Mkanda uko karibu."

Alizungusha antena polepole. Upande wa kiwanja cha ndege sauti ilififia. Upande wa soko ilififia. Kisha antena ikaelekea Chechelesi, mtaa wake Abiba, na sauti ikapanda hadi Abiba akarudi nyuma hatua moja.

"Nyumba gani?" aliuliza.

"Redio haijui nyumba. Inajua upande." Elmi aliizima. "Nitakwenda polisi, mama."

"Utawaambia wagonge mlango upi?"

Abiba alijifunika shali yake vizuri, akashika njia ya nyumbani.

Alipita katikati ya mtaa alioishi tangu alipoolewa. Jirani wa kwanza alikuwa anapepeta mtama. Wa pili alikuwa amekalia kigoda akitengeneza ndara. Wa tatu alikuwa anapakua magunia kutoka mkokoteni. Wote walikuwa wamewahi kula kwake, na yeye kwao. Kila mmoja aliinua uso akamsalimu kwa furaha, kama siku zote.

"Salaam aleikum, Mama Abiba! Umepotea sana!"

"Aleikum salaam. Nilikwenda kwa jamaa."

"Na ngamia, hawajambo? Siku hizi wako upande gani?"

Lilikuwa swali la adabu tu. Alikuwa ameulizwa hivyo mara zisizohesabika, na aliyeuliza hakungoja jibu hasa. Safari hii Abiba alisimama, akautazama uso ule kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Wako malishoni," alijibu, akaingia ndani na kutia komeo.