Kofia Mbele ya Lenzi

Mkalimani wa gari la sinema alikuwa na sauti ya kutikisa mabati na mikono isiyotulia. Jioni hiyo sokoni Marani, sauti ya filamu ilizimwa kama kawaida ili asikike yeye, akisimulia habari za jasusi aliyehangaika kuyazuia mataifa mawili makubwa yasirushiane mabomu ya atomiki. Kila jasusi alipomkumbatia mwanamke, mkalimani aliziba lenzi kwa kofia, naye akatazama pembeni. Maana wazee walikuwa wameketi uwanja mmoja na wake za wana wao, na Mgusii hatazami mambo ya chumbani mbele ya mkwewe. Kofia ilipoondoka mara ya mwisho, vita vilikuwa vimezuiwa.

“Mwanangu,” akauliza bibi mmoja, “ni nani amewazuia?”

Mkalimani uso ukamwaka moto. Jibu lilipita nyuma ya kofia, na miezi yote ya kuizungusha filamu ile hakuwahi kulitazama.

“Waliombana radhi, mama.”

Uwanja mzima ukapiga makofi. “Kumbe nao wana wazee wa kuwapatanisha!” akasema mzee mmoja kwa furaha. Mkalimani akainama kukunja nyaya. Akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena.