Mama Mshauri na Koti la Marehemu Baba

Admin, nifichie jina na picha. Mama yangu anafuata ukurasa huu, na wakati mwingine huwashauri watu kwenye maoni.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, niko tu nyumbani Nyamira. Mama ni mshauri nasaha. Kazi yake ni kufundisha familia jinsi ya kusimama tena baada ya msiba au ugomvi. Anaalikwa makanisani na shuleni, na watu wanampenda. Mimi pia nilijivunia.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwa miezi mingi, nikitoka shule, nilijifungia chumbani nikavaa koti lake la Sabato, lile la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni. Nilinusa kola nikilia. Hakuna aliyejua, mpaka siku moja Mama aliponikalisha na kuniuliza taratibu kama anavyowauliza wateja wake. Nikamwambia yote. Akanikumbatia akasema, "Hii itabaki kati yetu."

Mwaka huu alialikwa Magwagwa kufundisha kipindi cha familia. Nilikuwa nyuma nikigawa karatasi. Akaanza, "Kuna binti mmoja, sitamtaja jina." Kisha akalitaja koti, rangi yake, hata viraka. Alipofika kwenye kola sauti ikakatika, akatoa kitambaa akapangusa macho. Wanawake wakalia. Wiki mbili baadaye, kwenye kanisa la Nyaramba, alisimulia tena; sauti ikakatika pale pale kwenye kola, na kitambaa kikatoka. Nilitoka nje kabla hajamaliza.

Koti lile la Baba kila mtu kanisani alilijua. Juzi nilienda soko la Daraja Mbili kutafuta sketi ya mtumba, na muuzaji mmoja tunayesali naye akawaambia wenzake, "Huyo mpe koti, sketi hataki." Mwingine akasema, "Pole dada, usikasirike. Lakini kunusa, kweli?"

Nilimkabili Mama. Hakupaza sauti.

"Nasikia una hasira. Unaisikia wapi mwilini?"

"Nimekukasirikia wewe, Mama."

"Lakini sikutaja jina lako," akasema, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake la kazi. Mbele yangu.

Sasa anataka nisimame naye kwenye mikutano ya makambi ya kanisa, niseme mimi ndiye yule binti na kwamba nimepona. "Dakika tatu tu. Kuna watoto pale wamefiwa kama wewe." Jina langu liko tayari kwenye ratiba, bila kuniuliza.

Sijapona. Kinachonichanganya ni kwamba mjane mmoja alikuja kwetu na mkungu wa ndizi kumshukuru Mama, kwa sababu mwanawe, aliyeacha kuongea tangu msiba wao, aliposikia habari za lile koti alianza kuongea tena. Kwa hivyo inasaidia watu, siwezi kukana. Lakini nikimwona Mama akikunja kile kitambaa na kukiweka kwenye mkoba kabla ya kwenda kufundisha, nasikia kinyaa, na ni mama yangu.

Nikikataa, atasimama peke yake na kanisa lote litauliza mbona binti yake mwenyewe amemshinda. Nikikubali, nitawadanganya watoto waliofiwa, tena wakinitazama usoni. Makambi yanaanza wiki ijayo. Ninyi mliopoteza mzazi mkiwa wadogo, niambieni: nisimame pale, na nikisimama, niseme nini?