Baridi Kavu na Baridi ya Maji

Mama yangu anauza makoti ya mitumba sokoni hapa Goma, na tangu nimalize masomo ya jiografia mimi ndiye ninayesema koti lipi limetoka kwenye baridi ya wapi. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Ofisi za mashirika mtaani Himbi nilizopelekea barua hazikujibu, nyingine zilikwisha kufunga milango, na mtu aliyesoma miaka mitano hawezi kukaa tu kwenye kiti cha plastiki akikunja nguo. Basi nikaanza kusoma lebo na kupekua mifuko kila mama alipofungua balo, robota la nguo.

Mifuko husema mengi. Kwenye makoti manene ya manyoya ya bata nilikuta vipakiti vya unga wa kupasha vidole joto. Kwenye yale ya rangi kali, ya watu wanaoteleza milimani, nilikuta mafuta ya midomo ya kuzuia jua. Kwenye aina ya tatu, makoti mazito ya kijani au kahawia, mifukoni mlikuwa na udongo, kamba, na karatasi za kufutia pua zilizolowa, zikakauka, zikawa ngumu kama kokoto.

Niliandika yote hayo kwenye daftari, nikayapanga. Kwanza baridi ya katikati ya bara, kama Siberia na kule Kanada mbali na bahari, ambako digrii hushuka hadi arobaini chini ya sifuri, hewa ikawa kavu na theluji ikaanguka kama unga, mtu akaipangusa kwa mkono. Pili baridi ya milima mirefu, yenye jua la kuunguza uso. Mwisho kabisa niliweka ile ya pwani, ya Uskoti na magharibi ya Norwei, ambako kipimo huchezacheza karibu na sifuri na mvua hunyesha wiki nzima. Niliipanga mwisho kwa sababu nilifuata digrii tu. Pembeni niliandika: baridi ya watoto.

Mwanzoni mwa mvua za Septemba alikuja papa mmoja, mzee mchunga ng'ombe kutoka vilima vya Masisi. Anachunga ng'ombe za mtu mwingine kwenye malisho ya juu, na hushuka Goma mara moja moja kwa pikipiki ya maziwa. Alisimama mbele ya kibanda chetu akijipiga mabega.

"Mutoto yangu, nitafutie ya baridi kali kabisa. Ile ya kwenu hapa chini haiko baridi, muko muna joto ya volkano chini ya miguu."

Nilimpa koti jeusi la manyoya, lenye kofia, jepesi kama mto. Nikamweleza Siberia. Nikamweleza arobaini chini ya sifuri. "Masisi yenu hata maji hayagandi, papa," nilisema. "Hili litaona Masisi kama likizo." Alicheka, akalivaa hapo hapo, akatulipa kwa mafromage mawili makubwa, jibini la kwao. Mama alinitazama kama mtu ambaye hatimaye ameona faida ya kunisomesha.

Baada ya wiki tatu alirudi. Alikuwa amelibeba koti ndani ya gunia, na kabla ya kusalimia alikohoa mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kisha akalitoa. Manyoya yote yalikuwa yameshuka kwenye pindo, yamegandamana mabonge mabonge, na mgongoni kulikuwa na tundu la kuungua.

"Hukuniuzia koti," alisema. "Uliniuzia kuku. Ilinyeshewa siku ya kwanza, ikakunywa maji, ikakuwa nzito kama ndama. Nikaiweka pembeni ya moto ikauke, ikapasuka. Nilikunywa maziwa na manyoya siku mbili. Hata ngombe zilinicheka."

Wauzaji wa pembeni walicheka pia. Mimi sikuweza. Nilikuwa nasikiliza kifua chake.

"Papa, hicho kikohozi ni cha tangu lini?"

"Tangu kuku yako." Kisha akapunguza sauti, akamwambia mama, si mimi. "Patron, mwenye ngombe, alipanda Jumapili. Alinisikia. Alisema mwisho wa mwezi akinikuta bado nakohoa hivi, ngombe atazipatia mutu mwingine. Minazijua hizi ngombe tangu mama zao. Nitaenda wapi mie?"

Pikipiki ya maziwa ilikuwa inapanda tena kesho yake asubuhi. Mama, kwa huruma, alishusha koti lingine la manyoya, kubwa zaidi, akataka kumpa bure. Nilimshika mkono.

"Hapana, mama. Litakunywa maji kama lile."

"Sasa utamupatia nini? Mwavuli?"

Nilikuwa na daftari tu, na safari hii nilimwuliza papa kitu ambacho ilifaa nimwulize tangu siku ya kwanza: baridi ya kule juu iko namna gani? Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake. Mvua inaanza saa saba mchana, alisema. Haianguki kutoka juu, inakuja ya kulala, na upepo. Kisha mvua ya mawe, kisha ukungu. Hata mvua ikikatika nyasi zina maji mpaka magotini, na mtu hakauki mpaka kesho, mvua ikianza tena.

Nilifungua ukurasa ule. Siberia haikuwa na lolote la maana kwa Masisi. Baridi yake ni kubwa kuliko yetu mara nyingi, lakini ni baridi kavu, na manyoya ya bata yanaiweza kwa sababu hakuna maji ya kuyalowesha. Baridi ya papa ilikuwa ile niliyoiandika mwisho. Nilitamani kuufuta ule mstari wa baridi ya watoto kabla mtu hajauona, ingawa hakuna mtu anayesoma daftari langu.

Nilinunua mega kidogo za intaneti, nikatafuta kwenye simu picha za wachungaji wa pwani zile. Karibu wote walivaa kitu kimoja: sweta nene la sufu na juu yake koti la kitambaa kilichopakwa nta. Na makoti hayo niliyajua. Yalikuwa yale yale mazito ya kijani, yenye udongo mifukoni. Yakitoka kwenye balo hunata mkononi na kunuka mshumaa wa zamani. Sisi wote sokoni tuliona ni uchafu. Mama alikuwa akichemsha maji, anamwaga sabuni ya unga, anasugua kwa burashi, kisha anayaanika juu ya mawe meusi ya lava mpaka yanakuwa laini na mepesi. Vijana waliyanunua kwa ajili ya kujipigia picha. Miaka yote tulikuwa tunaondoa kwa sabuni kitu chenyewe kinachozuia maji.

Mama alipolisikia hilo aliitazama burashi yake. "Na nilikuwa nayafua mara mbili," alisema.

Kwetu halikubaki hata moja ambalo halijafuliwa. Nilizunguka soko zima, kibanda kwa kibanda, nikinusa makoti mbele za watu. Kila nilipokosa nilifikiri mambo kumi: labda nimekosea tena, labda papa ataugua zaidi, labda ningemwachia tu mtu mwenye kujua. Lakini miguu iliendelea. Kwa mama mmoja aliye karibu na lango la nyuma nililiona, la kijani, mkono mmoja ukiwa tayari ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mama, acha! Usilifue!"

Aliinua burashi kama silaha. "Weye mutoto, hii mafuta yote hauyaone? Nani atanunua koti ya fundi wa gari?"

"Mimi. Nipe hivyo hivyo."

"Chafu?"

"Chafu."

Akageukia jirani zake. "Diplome imeanza kumupanda kichwani." Lakini alilitoa, akalikamua ule mkono, na kwenye kubadilishana nilimwachia koti la manyoya ambalo mama alitaka kulitoa bure. Alifurahi. Nilimwambia akilivaa asitoke kwenye mvua.

Nililipeleka kwa papa na nikamwambia ukweli wote. Sehemu kubwa ni nzima, mkono wa kushoto umeshaingia kwenye sabuni. Safari hii sikutaka aniamini kwa maneno. Mama alitoa mishumaa minne, fundi cherehani wa jirani akatuazima pasi ya makaa, na tukaanza. Mimi nilisugua mshumaa kwenye mkono ule mpaka ukawa mweupe, mama akaweka karatasi juu na kupitisha pasi, nta ikayeyuka na kuzama ndani ya kitambaa. Papa alikaa kwenye kiti cha plastiki, sweta la sufu tulilompa kibandani tayari mwilini, akitoa amri.

"Kwapa! Umesahau kwapa. Maji inapenda kwapa."

Mvua ilipoanza, papa alivaa koti, akaenda kusimama mahali mabati ya kibanda chetu yanapomwaga maji. Wateja waliacha kuchagua nguo. Maji yalimpiga mabegani na kuteremka kama kwenye jani la mgomba. Nilihesabu dakika kwa simu, nikafika ishirini, nikamsihi atoke kwa sababu ya kifua.

"Acha," alisema. "Kule hakuna mutu wa kuniambia nitoke."

Alitoka alipotaka mwenyewe. Aliingiza mkono wa kulia ndani ya koti: kavu. Kisha akapapasa mkono wa kushoto wa koti, taratibu, kutoka begani hadi kiwikoni.

"Inakunywa kidogo," alisema. "Kama mutu anaonja bia."

Tukawasha makaa upya. Tulimaliza mishumaa yote minne na nusu ya ule wa nyumbani, na kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kati ya madumu matupu ya maziwa, koti limefungwa hadi shingoni. Hakunishukuru. Alisema tu kwamba likikunywa tena atateremsha ng'ombe zote zije zilale kibandani kwetu.

Tangu siku ile nilikuwa nawahi kila asubuhi mahali madereva wa maziwa wanaposhusha mizigo. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Sikuthubutu kuuliza siku tatu. Siku ya nne nilimsogelea dereva wake, kijana mwenye koti la manyoya lililolowa mpaka pindo.

"Yule papa wa juu. Nani anakupimia maziwa sasa?"

"Yeye. Nani tena?"

"Anakohoa?"

"Asubuhi kidogo. Mchana anatukana ngombe, unamusikia toka barabarani." Alianza kufungua kamba za madumu, kisha akakumbuka. "Alisema umutumie mishumaa. Ya kweli, hataki ile ya kunukia."

Nilikwenda kununua sita. Niliporudi nilimwambia dereva avue koti lake, tuone kama kuna la kufanya.