Malkia wa Matuta

Wanzala, fundi anayeyeyusha kufuli mbovu mtaani Mashimoni atengeneze hereni, hakutulia tangu apate sarafu ya shaba kwenye gunia la vyuma chakavu. Mwalimu jirani alimwambia ni ya Warumi wa kale, na mwanamke aliyechorwa juu yake ni mke wa mfalme. Yupi sasa? Maandishi yalifutika, na kwenye picha alizotafuta kwa simu malkia wote walikuwa na pua moja.

Mkewe Jentrix, msusi wa Kawangware, akamkemea. “Wachana na pua! Angalia nywele. Huyu amesukwa matuta, fundo liko kisogoni. Tafuta hiyo style.”

Wanzala alishindwa kungoja. Ili ayaone matuta vizuri, akaisugua sarafu kwa brashi ya waya, vile husugua kila hereni, mpaka ikang'aa.

Jentrix akaigeuzageuza kiganjani.

“Umemnyoa.”